Rudisheni themostati kwenye injini zetu

Ukipita gereji za Tarime mjini, kuanzia zile za jirani na stendi hadi zilizotapakaa kando ya barabara iendayo Sirari, kuna kazi utaiona ikifanyika ambayo naona umefika wakati tuikemee hadharani. Gari linaletwa linachemsha. Fundi anafungua boneti, anasubiri lipoe, anamwaga maji, anafungua boliti mbili au tatu, anachomoa kidude cha chuma na shaba kinachoenea kiganjani, anakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Anafunga boliti zake, anajaza maji, anawasha. "Tayari, mzee. Halitachemsha tena. Kile kitu ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi." Mwenye gari analipa, anaondoka ameridhika.

Kidude hicho ni themostati, na maneno hayo ya fundi si ya kweli. Nasema hivyo nikijua kwamba mafundi wetu ndio wanaozifanya wilaya za Tarime na Serengeti zitembee. Bila wao hakuna Probox ingefika Sirari, hakuna Fuso ingetoka Nyamongo na mzigo. Lakini katika hili wamerithishana kosa, na kosa hilo linamlipisha mwenye gari mara mbili: kwanza kwenye mafuta kila siku, halafu kwenye injini yenyewe siku ikifika. Themostati ikifa inabadilishwa. Haitolewi ikaachwa pengo. Na ya kuibadilishia haiokotwi tu dukani kwa kuwa imeingia mahali pake, huchaguliwa.

Tuanze na kazi yake, maana mtu hawezi kuchagua kitu asichojua kinafanya nini. Katikati ya themostati kuna kikombe kidogo cha shaba kilichojazwa nta. Injini ikiwa ya baridi nta ni ngumu, springi imeubana mlango, na maji yanazunguka ndani ya injini peke yake bila kwenda kwenye rejeta. Injini inapata joto haraka. Maji yakifikia nyuzi zilizochapwa kwenye kikombe, tuseme 82, nta inaanza kuyeyuka na kutanuka, inasukuma pini, na mlango unafunguka taratibu. Maji ya moto yanakwenda kwenye rejeta, yaliyopoa yanaingia injini. Yakipoa kupita kiasi nta inaganda, springi inaurudisha mlango. Hakuna waya wala umeme. Mhandisi Sergius Vernet ndiye aliyeipatia hataza themostati ya nta huko Marekani katika miaka ya 1930, na mpaka leo gari jipya kabisa linalotoka kiwandani Japani lina nta ileile ndani yake.

Sasa hoja ya nchi ya joto. Ndani ya silinda, mafuta yanapoungua, joto hupita nyuzi 2,000. Mbele ya moto wa namna hiyo, tofauti ya asubuhi ya nyuzi 14 na mchana wa nyuzi 30 ni ndogo sana. Mtengenezaji anapoandika 82 hazungumzii hali ya hewa ya Tokyo wala ya Tarime. Anazungumzia joto ambalo pistoni, ringi na mitungi vimepimwa vikae kwa nafasi sahihi, na ambalo oili inakuwa nyepesi kiasi cha kufika kila mahali. Joto hilo ni lilelile popote gari lilipo. Wengi wetu tuna ndugu Oman, waulizeni. Muscat wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 45, na magari yanayouzwa huko yana themostati kama kawaida, na hakuna fundi wa maana anayezitoa.

Halafu tujitazame sisi wenyewe. Nani aliyesema Tarime ni nchi ya joto? Nyanda za juu za wilaya hii ziko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Tunalima kahawa ya arabika, zao lisilostahimili joto la Dar es Salaam. Mwezi wa Juni na wa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, dereva wa bodaboda hapa amevaa koti zito na kofia ya sufu. Upande wa Serengeti, magari ya watalii huwashwa Mugumu na Ikoma kabla jua halijachomoza ili yawe langoni hifadhi inapofunguliwa, na asubuhi hiyo abiria wamejifunika mablanketi. Kama kuna mahali Tanzania ambapo injini inaihitaji themostati, ni hapa.

Injini isiyo na themostati hapa kwetu inafanya nini? Maji yanapita kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, kwa hiyo hayapati joto linalotakiwa, hasa asubuhi na hasa kwenye mteremko. Kwenye gari la petroli lenye kompyuta, sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba injini bado ni ya baridi, nayo inazidi kumimina mafuta mengi kama vile gari limewashwa sasa hivi. Dereva anaona tu kwamba petroli inaisha upesi, analaumu sheli. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinasaga chuma kwa chuma. Kwenye dizeli utaona moshi mweupe na utasikia mlio mkavu ambao haupungui hata ukitembea nusu saa.

Kuna dalili nyingine ambayo imeshawapotezea watu fedha nyingi. Fungua mfuniko wa kujazia oili wa gari lililotolewa themostati na linalofanya safari fupifupi za mjini. Chini ya mfuniko mara nyingi utakuta utando mzito wa rangi ya maziwa ya chai. Huo ni mvuke uliojichanganya na oili kwa sababu injini haikupata joto la kuukausha. Fundi mwenye haraka akiuona anatangaza kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua, hedi inashushwa, inapelekwa kuchongwa, na mwenye gari anauza ng'ombe. Gasketi ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni kile kidude kilichotupwa kwenye ndoo mwaka jana.

Kwa mwenye gari dogo ipo njia rahisi ya kujua kama amefanyiwa hivi. Toyota nyingi ndogo, kama Vitz na Passo, hazina mshale wa temperecha. Zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa ya baridi. Taa hiyo inatakiwa izime baada ya dakika chache za kutembea. Ikikaa muda mrefu bila kuzima, au ikizima halafu ikarudi gari likiwa kwenye mteremko, uliza themostati iko wapi. Na kwenye mashine ya kusomea hitilafu za magari, kodi P0128 maana yake ni hiyohiyo: maji hayafikii joto ambalo themostati ingepaswa kuyafikisha.

Jambo ambalo mafundi wengi hawajaelezwa, nami naliona ndilo zito kuliko yote, ni kwamba kuna injini ambazo ukizitolea themostati zinachemsha zaidi. Katika injini nyingi za Toyota themostati imekaa upande wa hosi ya chini, pale maji yanaporudi kutoka kwenye rejeta. Themostati za namna hiyo zina kisahani cha pili mguuni. Maji yakiwa ya baridi, kisahani hicho kinaacha wazi njia ya mkato ambayo maji huzungukia ndani ya injini. Themostati ikifunguka kabisa, kisahani kinaiziba njia hiyo ili maji yote yapite kwenye rejeta, hakuna kukwepa. Ukiitoa themostati, unakuwa umekitoa na kisahani. Njia ya mkato inabaki wazi saa zote, na sehemu ya maji yaliyokwisha kupata moto inarudi ndani ya injini bila kupoozwa. Gari likiwa tupu kwenye lami ya kwenda Musoma huoni kitu. Lipakie abiria na mikungu ya ndizi, lipandishe miinuko ya Nyamwaga mchana wa jua, ndipo litakapochemka, na fundi atashangaa kwa sababu yeye alishaondoa kinachochemsha.

Kwa nini basi desturi hii haifi? Kwa sababu kwa siku chache inaonekana kufanya kazi. Gari lililokuwa likichemsha kwa kuwa rejeta imeziba nusu, ukiacha maji yapite ovyo, huenda likatulia wiki mbili tatu. Ugonjwa haujapona, umefichwa. Barabara yetu ya kutoka Tarime kwenda Mugumu imetuzoesha vumbi, na vumbi likichanganyika na mbegu za nyasi zinazonasa kwenye mapezi ya rejeta linaziba njia ya upepo. Ndani, maji ya kisima yenye chumvichumvi yanajenga ukoko kwenye mirija. Feni imechoka, mkanda umelegea, wata pampu imeliwa mapanga, hosi ya chini inajinyonga injini ikikanyagwa. Yote hayo yanachemsha gari, na kila moja lina tiba yake. Themostati haimo hata kwenye moja, lakini ndiyo inayohukumiwa kwa kuwa kuitoa ni rahisi na bure.

Na kuna mshukiwa mwingine ambaye kwenye mwinuko wetu anastahili kutazamwa kabla ya wote: mfuniko wa rejeta. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa Tarime, kwa sababu ya mwinuko, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9 unayabana maji kwa presha, na kiwango cha kuchemka kinapanda hadi karibu nyuzi 115. Mfuniko ukiwa umechoka, mpira umekatika na springi imelegea, presha inavuja na unarudi kwenye 95 yako. Themostati ya 82 ikiwa inaanza kufunguka, nafasi uliyobakiwa nayo kabla maji hayajachemka ni nyuzi 13 tu, na mlima mmoja unazimaliza. Dereva wa Dar es Salaam mwenye mfuniko mbovu ana nafasi kubwa kidogo kuliko yako. Kwa hiyo gari likichemsha Tarime, badilisha mfuniko kwanza. Bei yake ni ndogo, na usikubali kupewa ule wa alama yoyote. Soma namba iliyo kwenye wa zamani na ununue yenye namba hiyo.

Tuje kwenye kuchagua. Kosa la kwanza dukani ni kutaja jina la gari. "Nipe themostati ya Noah." Noah ipi? Kuna ya injini ya 3S na kuna ya 1AZ. Probox zimetoka na 1NZ ya lita 1.5, 2NZ ya lita 1.3 na hata dizeli ndogo ya 1ND. Hiace ndiyo usiseme: 3L, 5L, 1KZ, 2KD, 1TR, 2TR, na zote ziko barabarani kwetu. Land Cruiser ile ngumu ya mkonga inaweza kuwa na 1HZ, dizeli ya lita 4.2 iliyoanza mwaka 1990, au ikawa na V8 ya 1VD. Nenda dukani na namba ya injini na ya chesesi, ziko kwenye kadi ya gari. Na kama injini ilishabadilishwa, jambo la kawaida kwa magari yetu ya mtumba, usiiamini kadi. Angalia injini yenyewe. Ukiweza, nenda na themostati ya zamani mkononi, ila ujue nayo huenda ilikuwa ya kubambikwa.

Kosa la pili ni kudhani kwamba namba ndogo ni dawa ya kuchemsha. Madukani utakutana na za 76, 82 na 88, na muuzaji atakushauri uchukue ya 76 "ili injini ikae poa". Themostati haipangi mwisho wa joto, inapanga mwanzo. Inasema maji yaanze kwenda kwenye rejeta yakifika nyuzi kadhaa. Baada ya hapo, kama rejeta haina uwezo wa kuyapooza, yatapanda tu, iwe ulianza na 76 au na 88. Zipo injini za dizeli ambazo kiwanda chenyewe kiliziwekea namba ya chini, na hizo zipewe hiyohiyo. Injini iliyoandikiwa 82 ipewe 82. Ukiishushia namba unarudi kulekule kwenye mafuta mengi na oili yenye maji, ila polepole.

Baada ya namba ya joto, tazama umbo. Ziweke mbili sambamba juu ya meza ya duka, ya zamani na mpya. Upana wa sahani uwe mmoja, na urefu wa mguu uwe mmoja pia. Wanunuzi wengi wanapima upana tu, wakiona imekaa wanashukuru. Mguu ukiwa mfupi kwa milimita chache, kile kisahani cha chini hakifiki kwenye njia ya mkato, na unakuwa na gari lenye themostati mpya linalochemka kama halina. Angalia pia kitundu kidogo kwenye sahani chenye kipini kinachochezacheza. Hicho ni cha kutolea hewa, na wakati wa kufunga kinakaa juu, kama kiwanda hakikuelekeza vinginevyo. Kikikaa chini, hewa inajikusanya juu ya kikombe cha nta. Nta hiyo haiguswi na maji vizuri, inachelewa kufunguka, na gari linapanda joto ghafla. Mpira unaozunguka sahani uwe mpya. Mpira wa zamani uliokakamaa unavujisha, na kuupaka gundi ya gasketi nyingi kunaziba njia.

Kuhusu majina: Tama na Nippon Thermostat ni kampuni za Japani zenye sifa katika kazi hii, na kwa magari ya Ulaya Wahler na Behr zinajulikana. Lakini boksi si ushahidi. Boksi linachapwa popote. Namba ya joto iwe imechapwa kwenye chuma chenyewe na isomeke, springi iwe ngumu kidoleni, sahani isiwe nyembamba ya kupinda. Themostati ya mtumba iliyotolewa kwenye injini ya kukatwa usinunue kabisa. Huijui imekula miaka mingapi. Magari yetu yenyewe ni ya zamani. Kenya ilishaweka ukomo wa miaka minane kwa gari la mtumba linaloingia nchini humo, wakati kwetu gari la miaka mingi zaidi linaruhusiwa kwa kulipiwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Maana yake Probox inayotoka Sirari leo asubuhi inaweza kuwa na themostati ya miaka 15 iliyofungwa kiwandani. Kuibadilisha hiyo kwa nyingine ya umri huohuo ni kupoteza nauli.

Kipimo cha uhakika ni sufuria. Nilisimama kwenye gereji moja mjini Mugumu nikamtazama fundi wa makamo akiwafanyia vijana wake somo hili. Jiko la mkaa, sufuria ya maji, kipimajoto cha kioo, na themostati mbili zimefungwa uzi kwenye mlango wa kila moja na kuning'inizwa ndani ya maji bila kugusa chini. Moja ilikuwa ya zamani, imepata kutu. Nyingine ilikuwa imetoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Zote zilichapwa 82. Kipimajoto kilipopita 80 kidogo, uzi wa ile ya kutu ulilegea, ikadondoka kwenye maji: mlango umefunguka. Mpya ilibaki inaning'inia. Maji yakatokota, mvuke ukajaa, bado inaning'inia. Kijana mmoja akasema, "Tata, hii si ndiyo ya bei?" Fundi akamjibu, "Mura, bei haisukumi nta." Akaitoa, akaifuta, akairudisha kwenye boksi lake ili ipelekwe dukani ikabadilishwe.

Kila mmiliki wa gari anaweza kufanya hivyo nyumbani. Kwa themostati ya Toyota ya 82, mlango uanze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakifika 95 uwe umeinuka milimita 8 au zaidi. Huku kwetu 95 ndiyo sufuria inapotokota, kwa hiyo kipimo kinakamilika bila hata kuhangaika. Angalizo ni kwa ile ya 88. Hiyo hufunguka kabisa kwenye nyuzi 100 hivi, na sufuria ya wazi ya Tarime haiwezi kufika huko hata ukiongeza mkaa wa gunia zima. Ukiona imeanza kufunguka lakini haikumaliza, usiitupe. Itamaliza ndani ya injini ambako kuna presha. Ikitoka, iache ipoe uone kama inajifunga vizuri, bila mwanga kupenya pembeni.

Wakati wa kuifunga, tumia nafasi hiyo kusafisha. Maji ya kahawia yanayotoka ndani ya injini ni kutu, na kipande cha kutu kikikwama mlangoni themostati mpya itabaki wazi siku ya pili. Jaza kulanti, kulanti ya kweli na siyo maji yaliyotiwa rangi. Kulanti haipo kwa ajili ya barafu tu. Inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, mambo mawili tunayoyahitaji kwenye mwinuko huu. Jaza taratibu, acha injini ingurume mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe na hosi ya rejeta ipate moto, ongeza, ndipo ufunge.

Gharama? Hata themostati nzuri ya Probox bei yake haifiki ya kujaza tangi la petroli. Silinda hedi iliyopinda ukiipeleka kuchongwa, ukaongeza gasketi, oili, kazi ya fundi na siku ambazo gari halikuingiza hesabu, unazungumzia mtaji wa mtu. Sielewi kwa nini mwenye gari anayehesabu kila shilingi ya dereva wake jioni anakubali kupoteza lita kila siku kwa kukwepa kununua kitu cha namna hii mara moja kwa miaka kadhaa.

Kwa kampuni za utalii zilizoko Mugumu na vijiji vinavyopakana na hifadhi, naongeza neno. Ndani ya Serengeti mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda gia za chini na kusimama mara kwa mara, upepo wa kupoza rejeta ni mdogo. Likichemka katikati ya mbuga, dereva haruhusiwi kushuka ovyo kufungua boneti, na hata angeruhusiwa, simba hawasomi kanuni. Wageni waliolipa fedha nyingi wanakaa juani wakisubiri gari la kuwavuta. Hilo ni jina la wilaya linachafuka. Ukaguzi wa themostati, mfuniko na rejeta kabla ya msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara uwe sharti la gereji ya kampuni, uandikwe na usainiwe.

Sitaki lawama yote iishie kwa fundi. Kijana aliyejifunza kazi chini ya mti kwa kushika spana za mwalimu wake anafundisha alichofundishwa. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na Mara kuna chuo chake. Mafundi wa Tarime na Mugumu wapelekewe mafunzo hayo gerejini kwao, kwa siku ambazo hazitawanyima riziki, na somo la mfumo wa kupooza injini lisipitwe juujuu. Halmashauri zinazokusanya ushuru kwenye gereji hizo zinaweza kuchangia.

Nao wauza spea wasijifiche. Bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana ya kuisimamia; Shirika la Viwango lina kazi yake ya ubora. Taasisi hizo zinapokagua maduka yetu na mizigo inayopita Sirari, ziangalie na spea ndogo kama hizi, siyo matairi na betri peke yake. Na mwenye duka mwaminifu anaweza kuwatangulia: weka jiko, sufuria na kipimajoto mlangoni, kila themostati ipimwe mbele ya mteja kabla hajalipa. Duka la kwanza kufanya hivyo Tarime litapata wateja mpaka wa kutoka Isebania.

Wewe msomaji mwenye gari, wiki hii muulize fundi wako swali moja: themostati ya gari langu ipo ndani au ilitolewa? Akisema ilitolewa, mwambie airudishe. Ukiwa na injini ya 1NZ, nenda dukani ukaombe ya nyuzi 82 yenye mpira wake mpya na kipini cha kutolea hewa, chukua na mfuniko wa rejeta wenye namba ileile ya wako, dai risiti, na usiifunge kabla hujaiona ikifunguka kwenye maji ya moto.